Kutoka Wang'uru hadi Hola: twalinda chenye geti, twasahau wenye makaburi

Tarehe 20 Oktoba 2021 Wakenya wengi walilisikia jina la Wang'uru kwa mara ya kwanza. Sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyika katika uwanja wa mji huo, kaunti ya Kirinyaga, na katika hotuba yake Rais Uhuru Kenyatta akaondoa kafyu ya corona. Huku kwetu Mombasa kilichobaki vinywani ni kafyu. Wauza mishikaki na viazi karai walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini kwa nini siku ya mashujaa ilipelekwa katika mji wa mpunga? Swali hilo halikuulizwa sana, na kwangu mimi ndilo lililokuwa na uzito.

Kwa watu wa Pwani Wang'uru ni gunia. Ile pishori inayonukia jikoni kabla haijaiva, ambayo mama zetu huitaka kwa jina wanapopika biriani ya harusi, hutoka katika mashamba ya Mwea yanayouzunguka mji huu. Nasema pishori ya kweli, maana iliyochanganywa na mchele wa nje sote tumeshauziwa. Mji wenyewe, ambao wenyeji wengine huuita Ngurubani, uko kando ya barabara ya kwenda Embu, safari ya kama saa mbili kutoka Nairobi njia ikiwa shwari. Ukishuka garini unaona maduka ya mchele yamepangana pande zote mbili, na wenye maduka wanakuita kama wauza korosho wanavyoita magari ya watalii kwetu.

Nilikaa huko siku nne na shemeji yangu, ambaye hununua mchele kwa jumla. Yeye alikuwa na shughuli zake za mashineni na mizani. Mimi nilitaka kuona mambo mawili. La kwanza ni Hifadhi ya Taifa ya Mwea, upande wa chini, kaunti ya Embu. La pili ni mahali palipokuwa na kambi walizofungiwa watu wa Mau Mau. La kwanza lilikuwa rahisi: una gari, una ada ya kuingilia, unafika. La pili ndilo lililonifanya niandike.

Tuanze na maji, kwa sababu huko kila kitu huanza na maji. Mito ya Thiba na Nyamindi hushuka kutoka Mlima Kenya, ikachepushwa na kuingizwa katika mifereji inayopita mashamba kwa mashamba. Hakuna pampu, maji hufuata mteremko tu. Ukisimama juu ya mfereji mkuu asubuhi, mlima uko wazi mbele yako na maji yanapita chini ya miguu yako kimya kimya. Ni mahali pazuri, na mgeni asiyejua kitu angepiga picha na kwenda zake.

Mifereji ile ilianza kuchimbwa katikati ya miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na waliochimba walikuwa wafungwa. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewazuia makumi ya maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru bila kesi. Waliokataa kukiri kiapo waliitwa wakaidi, na Mwea ikawa moja ya sehemu za kuwavunja. Palikuwa na kambi tano: Thiba, Tebere, Gathigiriri, Kandongu na Mwea yenyewe. Mwaka 1957 afisa aliyeitwa Terence Gavaghan aliwekwa kusimamia utaratibu wa kuwaleta wakaidi wachache wachache, wanazungukwa na askari na wafungwa waliokwisha kulegea, na anayekataa amri anapigwa mpaka akubali. Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Eric Griffith-Jones, aliandika waraka wa kueleza ni kipigo cha namna gani kingeweza kuhesabiwa kuwa halali. Hayo hayakutoka midomoni mwa wazee peke yao. Yamo katika nyaraka ambazo Uingereza ilizificha kwa zaidi ya nusu karne na kulazimika kuzitoa mwaka 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa mahakamani London. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228.

Sasa ukiuliza Wang'uru kambi zilikuwa wapi, utaonyeshwa vijiji. Thiba ni kijiji, Tebere ni jina la eneo la mashamba, Gathigiriri mtu anaishi na kulima. Majina yamebaki, lakini katika njia nilizopita sikuona kibao hata kimoja kinachosema hapa palikuwa na nini. Mzee mmoja niliyekaa naye nje ya duka la pembejeo aliniambia yeye hahitaji kibao, kwa kuwa babake alichimba mfereji ule. Nikamuuliza wajukuu zake je. Alicheka, akasema wajukuu wanajua bei ya mchele.

Na si kwamba uchungu uliisha mkoloni alipoondoka. Baada ya uhuru mpango wa Mwea uliwekwa chini ya Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji, iliyoundwa mwaka 1966. Mkulima alipewa ekari nne za mpunga kama mpangaji, bila hati. Bodi iliamua apande nini, lini, na amuuzie nani. Akienda kinyume, kibali kinafutwa na nyumba anaiacha. Miaka ya 1998 na 1999 wakulima waligoma, wakaanza kuuza mchele kupitia chama chao cha ushirika, na katika makabiliano na polisi vijana wawili wakauawa. Nalitaja hili kwa sababu tukisema "urithi" huwa tunafikiria mawe ya zamani. Kule, mtu aliye hai anailima historia yake kila msimu, na kwa miaka mingi hakuruhusiwa hata kusema ni yake.

Sherehe ile ya 2021 iliambatana na mradi mwingine. Rais alianzisha kujazwa kwa bwawa la Thiba, lenye uwezo wa mita za ujazo zaidi ya milioni 15, ili wakulima wa Mwea wapate maji ya kulima misimu miwili kwa mwaka. Ni jambo jema na wala silipingi. Tumbo langu lina maslahi ndani yake. Nataka tu msomaji alishike jina la mto huo, Thiba, kwa sababu tutakutana nao tena karibu na nyumbani.

Hifadhi ya Mwea ni nchi nyingine kabisa. Unashuka kutoka kwenye kijani kibichi cha mpunga, baridi inakuacha, unaingia katika vichaka vya miiba na joto ambalo mtu wa Voi angelizoea mara moja. Ilitangazwa rasmi mwaka 1976, ina kilomita za mraba 42, na iko pale Thiba inapokutana na Tana, kando ya bwawa la Kamburu. Kuna ndovu, nyati, twiga, punda milia, viboko na mamba, na ndege wa kila namna. Haina umaarufu wa Tsavo, na hiyo ndiyo raha yake: nilikaa karibu saa nzima nikitazama viboko bila kusikia gari jingine.

Kisheria, hifadhi ya namna hii si sawa na mbuga kama Tsavo. Mbuga ya taifa iko mikononi mwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Hifadhi ya taifa ni dhamana ya kaunti, kwa niaba ya wananchi wa hapo, hata pale kaunti inaposaidiwa na KWS kuisimamia. Kwa maneno mengine ni ardhi ya wote iliyowekewa masharti. Pale Mwea sharti unaliona kwa macho: kuna uzio wa umeme kutenganisha ndovu na mashamba ya mahindi, kuna walinzi, kuna geti, kuna ada. Twiga wa Mwea ana askari. Kambi ya Gathigiriri haina.

Ukipanda kuelekea Nyeri picha inakuwa kali zaidi. Nyeri ni mji wa wageni wengi, na vivutio vyake vya kihistoria viko katika kila kijitabu. Kuna makumbusho katika jengo la zamani la mahakama ya Waafrika huko Ruring'u. Kuna kanisa la kumbukumbu la Waitaliano, alikozikwa Duke wa Aosta, aliyekuwa jemadari wao Afrika Mashariki na kufa mateka Nairobi mwaka 1942. Kuna kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Nyeri tarehe 8 Januari 1941. Limeelekezwa Mlima Kenya, limetunzwa vizuri, na maskauti hulizuru kutoka pembe zote za dunia. Mtu amezikwa kwa heshima, na kaburi lake latunzwa. Hata dini yetu inatufundisha kuheshimu makaburi, na sina neno juu ya hilo.

Lakini Dedan Kimathi, mwana wa Nyeri hiyo hiyo, alikamatwa huko tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na kaburi lake halijathibitishwa hadi leo. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba mifupa hiyo maisha yake yote. Akafariki Mei 2023 bila kuipata. Kimathi ana sanamu Nairobi, ana barabara, ana chuo kikuu. Kaburi hana.

Ndipo nilipoanza kuona mpangilio. Katika nchi hii kinacholindwa ni kile ambacho mtu anaweza kuwekewa geti na kulipishwa: mnyama, ngome, kaburi la mgeni mashuhuri. Kumbukumbu ya watu wa kawaida, hasa ile inayoaibisha serikali, ya kikoloni au yetu, huachiwa majina ya vijiji. Tunaitisha bendi na ndege za kijeshi siku moja, halafu hema zinakunjwa.

Utasema, haya ni ya Bara, Pwani yanatuhusu nini? Fuata maji. Thiba ukishaingia Tana pale kwenye viboko, mto hupita mabwawa ya umeme, ukazunguka Garissa, ukateremka mpaka Hola, Garsen na Kipini. Maji yale yale. Na serikali ya kikoloni iliufuata mto huo huo. Mpango wa Hola nao ulikuwa wa kunyunyizia mashamba kwa maji ya Tana, na mifereji yake nayo ilichimbwa na wafungwa. Waliokuwa wamebaki wakaidi baada ya Mwea na kambi nyingine ndio walioishia Hola.

Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa zaidi ya themanini walitolewa Hola wakachimbe mfereji kwa nguvu. Walipokataa, askari waliwapiga kwa virungu mpaka 11 wakafa na wengine wengi wakaumia vibaya. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo haukudumu. Julai mwaka huo bunge la Uingereza lilijadili Hola usiku kucha, na mbunge wa chama tawala, Enoch Powell, ambaye hakuwa rafiki wa mtu mweusi kwa maana yoyote, alisimama kuilaumu serikali yake mwenyewe. Kambi zilianza kufungwa, na mapema mwaka 1960 Hali ya Hatari ikaondolewa. Ukitafuta mahali ambapo ukoloni wa Kenya uliaibika hadharani na kushindwa kujitetea, ni Hola. Ni kaunti ya Tana River, ni Pwani, ni kwetu.

Wala si Hola peke yake. Manyani ilikuwa kambi kubwa, Mackinnon Road ilikuwa kambi, Manda mbele ya Lamu ilikuwa kambi. Watoto wetu wanapita Manyani kwa basi mara ngapi wakienda Nairobi? Wanachojua ni kwamba hapo nyani hutoka barabarani.

Hola yenyewe ina makaburi na kumbukumbu, na ina shule ya upili inayobeba jina la Mau Mau. Hilo tulishukuru. Lakini sherehe za kitaifa zimekuwa zikizunguka kaunti: Mashujaa ilikuja Mombasa mwaka 2019, Kirinyaga 2021, Kwale 2024. Hola haijapata zamu. Nimewasikia wanaosema ni mbali na miundombinu haitoshi. Wang'uru nako uwanja ulitengenezwa kwa ajili ya siku ile. Palipotakwa, palijengwa.

Kuna jambo jingine linaloziunganisha hifadhi za mto huu. Mwaka ule ule wa 1976, mwaka wa Hifadhi ya Mwea, ilitangazwa pia Hifadhi ya Nyani wa Mto Tana, juu kidogo ya Garsen, kwa ajili ya mbega wekundu na nyani wengine wasiopatikana popote duniani isipokuwa katika misitu ya kingo za Tana. Misitu ile Wapokomo waliishi nayo vizazi na vizazi, wakichonga mitumbwi, wakipata asali na dawa. Walipotakiwa kuondoka walikwenda mahakamani, na mwaka 2007 Mahakama Kuu ikakubaliana nao kwamba hifadhi haikuanzishwa kwa kufuata sheria. Wakati huo wote msitu uliendelea kukatwa, kwa sababu mwenyeji aliyeambiwa mali si yake hana sababu ya kuilinda, na askari wachache hawawezi kulinda kilomita zote zile. Waliopoteza ni nyani na Wapokomo kwa pamoja.

Mfano wa njia nyingine tunao wenyewe. Misitu ya kaya za Mijikenda ilianza kuwekwa chini ya sheria ya mambo ya kale mwaka 1992, na mwaka 2008 kaya kadhaa zikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hakuna uzio wa umeme Kaya Kinondo. Mgeni anafungwa shuka nyeusi, anaambiwa asing'oe hata jani, na anayemwambia ni mtu wa hapo, kwa idhini ya wazee, na ada inabaki kwao. Sitii chumvi: kaya nyingine zimemegwa na wachimba mchanga na wanyakuzi, na wazee wengine wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Lakini pale wazee walipobaki na sauti, msitu umebaki. Si wa serikali, si wa mtu binafsi. Ni wa wote, na wote wana mwenye kuwajibika.

Hicho ndicho ningependa kukiona Mwea na Hola. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inamruhusu Waziri kutangaza mahali kuwa mnara wa kitaifa bila kuhitaji jumba la mawe. Mfereji unatosha. Kaunti za Kirinyaga na Tana River zinaweza kuomba pamoja kwamba sehemu ya mfereji mkuu wa Mwea, maeneo ya kambi tano na makaburi ya Hola yatangazwe kuwa urithi mmoja, na wanaoongoza wageni wawe watoto wa vijiji hivyo, si kampuni kutoka Nairobi. Mkulima wa Gathigiriri asihamishwe hata hatua moja. Alime, na mgeni apite kandoni mwa shamba lake akielezwa.

Najua wapo watakaoniambia tusifukue ya zamani, kwamba watu wa Tana River wana njaa na mafuriko ya kushughulikia. Ni kweli, na mafuriko yenyewe ni sehemu ya hoja yangu. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mabwawa ya juu yalipofurika, waliobebwa na maji walikuwa wa Garissa, Madogo na Delta. Mwenye shamba Garsen husikia redioni kwamba bwawa la Masinga limejaa, na hajawahi kuiona Masinga. Bado kuna mpango wa bwawa jingine kubwa mno, High Grand Falls, juu ya mto huo huo. Vikao vya kuujadili vitakapoitishwa, mzee wa Kipini atakaa meza moja na mkulima wa Wang'uru, na kila mmoja atamwona mwenziwe kama mshindani wa maji. Kama wote wawili wangejua kwamba mifereji yao ilichimbwa na mikono ile ile, chini ya virungu vile vile, pengine mazungumzo yangeanzia mahali pengine.

Kwa anayetaka kwenda, asisubiri mtu wa utalii. Kutoka Mombasa panda basi la usiku hadi Nairobi, kisha matatu za Embu zinazopita Makutano, ushuke Wang'uru. Chakula cha halali utapata ukiuliza. Mwea ya chini nenda na gari la kukodi, mapema, kabla jua halijawa kali. Kambi za Mwea utahitaji mwenyeji mzima kiumri, na usimharakishe. Hola ni rahisi zaidi kwetu: magari ya Garissa yanayopita Malindi na Garsen yatakushusha hapo, na makaburi kila mtu mjini anayajua.

Walimu wa historia wa Malindi, Garsen na Hola wanaonisoma, na najua mpo, safari za shule za muhula wa tatu bado hazijapangwa. Fort Jesus haitahama. Nimeshaongea na mwalimu mmoja wa sekondari huko Mwea ambaye yuko tayari kupokea wanafunzi wa Pwani, na kuleta wake Hola mwakani. Anachouliza ni nani atalipia basi.